Mgeni Rasmi wa Milka

Kipaza sauti kilipiga mluzi mkali nyuma ya soko la Muhuru Bay, kikanyamaza, kikapiga tena. Tulipofika tukamkuta Mosoti, fundi cherehani na mwenyekiti wa kamati yetu, akikichapa makofi kama mtoto mtukutu.

"Sheria ni ile ile!" alitangaza. "Hakuna kuchanga zaidi ya mia mbili. Kampeni ya Milka tutaigharimia sisi wananchi, asiwe mali ya tajiri yeyote!"

Tulishangilia, kila mmoja akatumbukiza mchango wake kwenye karai lililowekwa mbele. Milka Achieng, muuza omena, dagaa wa ziwani, aligombea udiwani kwa jambo moja. Elkana Masese, mwenye malori, alitaka kuzungushia seng'enge ufuo ambao akina mama huanikia omena, uwe yadi yake. Milka alikuwa ameapa kumzuia.

"Na sasa," Mosoti akaendelea, "namkaribisha mgeni rasmi, Mzee Elkana Masese!"

Milka alimvuta shati. "Mosoti! Umemwalika huyu?"

"Dada, harambee bila mgeni rasmi ni matanga. Nani mwingine hapa ana suti?"

Masese aliinuka polepole, akatoa noti moja ya mia mbili, akaionyesha kila upande, akaiweka kwenye karai. "Mimi ni mtu wa sheria," alisema. Kisha akapunga mkono.

Vijana wanaompakilia malori wakajitokeza, foleni ndefu hadi kwenye mizani ya samaki, kila mmoja na noti mpya ya mia mbili. Karai likafurika. Mosoti alitokwa na machozi. Hatukuwahi kuona demokrasia imejaa namna ile.

"Kila mtu ametoa jasho lake," Masese alisema kwenye kipaza sauti. "Sikumpa mtu hata ndururu. Ila Milka akishinda, naamini atawakumbuka waliomjazia karai."

"Rudia, mzee," Milka akasema. "Ni pesa zao?"

"Zao kabisa!"

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Mbele ya Mungu!"

Milka akalibeba karai hadi kwa aliyetangulia kwenye foleni. "Levi, najua unavyolipwa. Chukua jasho lako, kawanunulie watoto unga. Wenzako pia."

Levi alimtazama bosi, akaitazama noti, akaichukua. Foleni ilisogea haraka kuliko mwanzo. Mpakiaji mmoja alimpa Masese mkono kwa heshima: "Asante, bosi, kwa kutushuhudia kuwa ni zetu."

Basi nasi tukainuka. "Nyar Muhuru, binti yetu, sisi pia tuna watoto!" Mosoti alilikumbatia karai akipiga kelele kwamba sheria haisemi hivyo. Tulichukua zetu, wengine na kidogo cha juu. Masese alishindwa kuinunua kampeni ya Milka; sisi tuliifilisi wenyewe kabla ya chakula cha mchana.

Akabaki Nyakerario, bibi aliyeanika omena ufuoni tangu ujana wake. Yeye hakudai kitu.

"Sasa utafanya kampeni na nini, binti yangu? Na pale pangu je?"

Milka alimshika mikono yote miwili.

"Kwa miguu, mama. Boma kwa boma. Nishinde, nishindwe, siku Masese atakapoleta nguzo ya kwanza atanikuta nimelala pale pako. Nakuahidi."