Mifuko ya Basi la Saa Mbili

Dereva simjui kwa leseni. Namjua kwa matapishi ya abiria wake. Kazi yangu ni kuosha mabasi kwenye yadi ya kampuni, mwaka wa kumi na tisa huu, na basi likirudi alasiri mimi ndiye wa kwanza kupanda, na ndoo, na fagio, na hii pua niliyopewa bila kuulizwa. Watu hudhani pua huzoea. Haizoei. Leo kama jana, nikifungua mlango wa basi lililotapikiwa, mate yanajaa mdomoni, nami natukana kimoyomoyo abiria, dereva, na aliyewapikia walichokula.

Lakini nasoma humo. Dereva anayekanyaga breki kama anaua nyoka, mifuko sita ya kutapikia. Anayekata kona kwa sifa, minane, na mingine haikufungwa. Dereva mzuri, mmoja, wa mtoto aliyebugia soda. Kaka yangu, sufuri.

Kaka wa kuzaliwa, tumbo moja. Madereva walimbatiza Mtungi, kwa kuwa walisema ukipanda basi lake na mtungi wa maji uliojaa pomoni, utashuka nao vilevile. Enzi hizo aliendesha lile basi kuukuu lenye pua ndefu, la madirisha ya kusukuma na mizigo juu ya paa, na barabara ya vijijini ilikuwa mashimo matupu. Aliweka gilasi ya chai juu ya kifuniko cha injini, pembeni yake, akapanda vilima na kushuka, na chai haikumwagika. Akifika yadi ananiuliza, "Mingapi leo, mdogo wangu?" Nami namjibu, "Sufuri, kaka." Hapo anacheka kwa madaha na kwenda kunawa uso. Ukiniuliza heshima ya familia yetu ilikaa wapi, ilikaa kwenye ile sufuri.

Kisha yakaja mabasi mapya. Vioo havifunguki, viti vya kulalia, kiyoyozi, televisheni, na manukato ya kupuliza yanayonuka kama maua ya msibani. Kaka akapewa moja, na mifuko ikaanza. Mwanzoni miwili mitatu. Mwaka huu saba, tisa, siku moja kumi na moja. Sote tukalilaumu basi. "Watu wamefungiwa humo kama nguo sandukuni," nilimwambia meneja, "watakosaje kutapika?" Kaka akaacha kuniuliza mingapi. Akishuka anapita na mkewe, kichwa chini, wanakwenda zao nyumbani.

Ndiyo, na mkewe. Hilo nalo lilinichefua. Wifi yangu, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, aliacha duka lake la vitambaa akaenda kwa meneja kuomba ukondakta, na si wa basi lolote, wa basi la mumewe. Yadi nzima ilicheka. Fundi wa matairi alisema mama anachunga jogoo wake. Mimi nilisema mabaya zaidi ya hayo, na nilisema kwa sauti makusudi asikie. Siku moja nilimuuliza usoni, "Wifi, kwa uzee ule, nani atakuibia?" Akaendelea kupanga tiketi zake.

Basi mwezi uliopita kaka akashikwa na mafua, akalala siku nne. Basi lake akapewa Radi, dereva mpayukaji asiyejua kubembeleza gia wala mtu. Nikakunja mikono ya gauni, nikajiandaa kwa gharika. Siku nne zote, mifuko miwili. Basi lilelile, kiyoyozi kilekile, manukato yaleyale ya msibani. Nilisimama katikati ya viti na fagio mkononi, nikahesabu tena: kosa halikuwa la basi.

Siku yangu ya mapumziko nikapanda basi la saa mbili asubuhi, kwa kisingizio cha kwenda kumjulia hali shangazi. Wifi aliponiona mlangoni uso ulimshuka. "Huku mbele jua kali, wifi yangu," alisema. "Nenda nyuma kuna nafasi nzuri." Kwa ubishi wangu nikakaa kiti cha kwanza, nyuma ya kaka. Wifi akakunjua kiti chake kidogo cha kondakta karibu na usukani, tukaondoka.

Mjini tulikwenda mwendo wa kinyonga kwa sababu ya foleni. Tulipotoka, mashamba yakafunguka huku na huku, abiria wakageukia televisheni, wengine wakaanza kukoroma. Nikaona midomo ya wifi inacheza. Nikadhani anasali. Nikasogeza kichwa nisikie.

"Tuta," alikuwa anasema, taratibu, kama anabembeleza mtoto. "Sasa. Limepita. Kona kulia, ndefu. Lori mbele, liko mbali. Punguza. Punguza bado. Tuta."

Na kaka, Mtungi mwenyewe, alikanyaga na kuachia, akakanyaga na kuachia, kila mara nukta moja nyuma ya neno. Ile nukta moja ndiyo niliyokuwa naizoa kila alasiri.

Nilipatwa na kinyaa ambacho sijawahi kukipata kwa ndoo yoyote. Nyuma yangu watu arobaini na tisa, mama ananyonyesha, mzee amevua viatu, wamejiachia kwa amani yao yote, na anayeiona barabara siye aliyeshika usukani. Nilitaka kupiga kelele nikaogopa. Dereva wa namna hiyo ukimshtua, mtaishia wapi?

Karibu na daraja jembamba abiria mmoja alimgusa wifi begani, anataka mfuko. Wifi akageuka. Ilikuwa kufumba na kufumbua. Basi likaruka tuta bila kupunguza, vichwa vikagongana, na mbele yetu, kandokando ya lami, mtu alikuwa anasukuma baiskeli yenye magunia mawili. Kaka alimwendea moja kwa moja. Nilimwona kwenye kioo cha juu, ametulia kabisa, hana habari.

"Baiskeli, kaka," nikasema. "Kulia." Sijui sauti niliitoa wapi.

Akapinda kulia papo hapo, hakuuliza. Gunia lilipita karibu na kioo hata nikaona uzi lilioshonewa. Hapo ndipo nilipotapika. Mimi, wa miaka kumi na tisa ya matapishi ya watu, nilinyoosha mkono kuomba mfuko kama abiria mwingine yeyote, na wifi akanipa bila kunitazama, maana alikuwa ameshageukia barabara.

Kituo cha nusu safari tunasimama dakika kumi. Abiria walishuka kwenda vyooni, saba kati yao na mifuko mikononi. Kaka alibaki kwenye usukani na wifi pembeni yake. Nikafunga mfuko wangu, nikaenda kusimama mbele yao.

"Kaka, huu wangu," nikamwambia.

Akanyoosha mkono kuupokea, ukashika hewa, shubiri nzima pembeni ya mfuko. Wifi aliuchukua ule mkono akauelekeza, bila haraka, kwa mazoea. Nikajua ameshafanya hivyo mara nyingi, kwa vikombe, kwa vifungo vya shati.

"Tangu lini?" nikamuuliza wifi.

"Mwaka na nusu. Ni mtoto wa jicho, yote mawili."

"Mtoto wa jicho si hutolewa? Asubuhi unaingia, jioni unakula kwako."

"Anaogopa kisu," alisema. "Na anaogopa meneja akijua. Imebaki miezi minane astaafu. Nikamwambia mpaka siku hiyo nitamwonea mimi."

Jamani, anaogopa kisu. Kila siku anapakia roho za watu na kuzipitisha korongoni, gizani mchana kweupe, na hilo halimtishi, ila kisu cha daktari. Nilimwambia hivyohivyo. Nilimwambia kaka, unanitia kinyaa, na wewe wifi unanitia kinyaa, na mimi mwenyewe najitia kinyaa, kwa kuwa muda wote huo ushahidi nilikuwa nao kwenye ndoo nikaumwaga na kukaa kumcheka mke wa mtu. Nikamwambia achague. Azime gari hapa hapa, au nisimame pale vyooni niwaambie abiria mmoja mmoja.

Kaka alikuwa ameuweka ule mfuko mapajani, ungali na joto.

"Mingapi leo, mdogo wangu?" aliuliza.

"Saba. Na huu wa nane."

Akapapasa mpaka akaupata ufunguo, akazima injini. Kiyoyozi kikanyamaza.

Meneja nilimpigia simu mimi, nikamweleza yote, sikupamba. Abiria walitutukana saa mbili nzima, matusi mengine sikuwahi kuyasikia hata yadi, mpaka Radi akaletwa. Tukaendelea na safari. Kaka na wifi walikaa viti viwili mkabala na changu, na tiketi mkononi kama watu wengine. Niligeuza uso dirishani. Sikutaka kuwaona.

Televisheni ikawashwa, watu wakasahau hasira zao. Baada ya muda nikasikia mnong'ono, nikageuka. Wifi alikuwa ametazama barabara kupitia kioo cha mbele, midomo inacheza.

"Tuta. Sasa. Limepita. Kona kushoto."

Na kaka, macho ameyafumba, mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga sakafu na kuachia, unakanyaga na kuachia, mahali pasipo na breki. Fundi wa matairi angecheka mpaka akae chini. Mimi sikucheka, na sikuwanyamazisha. Hadi mwisho wa safari wifi hakuruka hata tuta moja.