Visigino Vyangu na Neti ya Ukumbi

Uzi ulinasa kwenye kisigino changu cha kushoto, mimi nikaendelea kutembea. Balaa lilianzia hapo.

Sisi tunashona mapazia. Karakana ni ya mama mkubwa, dada yake mama yangu, na kazi zetu nyingi ni za kumbi na mahoteli. Yale mapazia ni marefu, hakuna meza inayoyatosha, kwa hiyo tunakatia chini. Sakafu ya vigae inapigwa deki, kitambaa kinatandazwa, na mkataji anatembea juu yake peku. Viatu marufuku. Soksi nazo hazitakiwi kwa sababu zinateleza na kukisogeza kitambaa, ukija kulitundika pazia unakuta bega moja limepanda. Na kabla hujakanyaga kitambaa unanawa miguu kwenye ndoo ya mlangoni kwa sabuni ya mche, ile kali ya kufulia. Umetoka kunywa maji, unanawa. Umetoka chooni, unanawa. Kuna siku nilikuwa nanawa mara nane, najifuta harakaharaka, narudi kazini.

Sasa neti, kile kitambaa chepesi cha matundu, haina utani. Ule uzi ulivutika kutoka ukingo mmoja mpaka wa pili, ukaacha mstari kama paka amekwaruza. Mama mkubwa akapiga magoti, akaufuata mstari kwa kidole taratibu mpaka akaishia kwenye mguu wangu. Akaniambia niinue kisigino.

“Haya ni magaga au ramani?” akauliza.

Wadada wa cherehani wakasimamisha mashine ili wacheke vizuri. Nikasema ni vumbi tu. Uongo mtupu. Zile nyufa nilikuwa nazo miezi, nyingine zilikuwa zinatoa damu nikikanyaga vibaya, ila nilikuwa najiambia ni miguu tu, itajijua yenyewe.

Mama mkubwa akanipa onyo moja. Ningetulia, ningeuliza mtu. Lakini mimi kutulia sijui, ndiyo maana hata shule ilinishinda. Kesho yake asubuhi nikanunua kopo la mafuta ya mgando, nikajipaka miguu yote miwili mpaka ikang'aa kama kaango. Nilipofika kazini sikunawa, maana nitanawaje mafuta niliyoyapaka sasa hivi? Nikapanda kwenye neti nyeupe, mita kumi na mbili, nikaenda mpaka mwisho na chaki yangu, nikarudi huku napiga mluzi.

Mkataji mwenzangu tunamwita Rula, kwa sababu ni mrefu, mwembamba na hapindiki. Ndiye aliyeona kwanza. Akainama, akaangalia, akauliza kwa upole kabisa kama kuna bata amepita hapa. Nyayo zangu zilikuwa zimejichora pale zote, kushoto, kulia, kushoto, kulia, na vidole unavihesabu.

Mama mkubwa hakufoka. Afadhali angefoka. Alinyoosha mkono tu, nikampa mkasi. Akasema kazi ya ukumbi mkubwa inaanza baada ya wiki mbili, na neti yake itakanyagwa na mtu mwenye miguu. Kama yangu itakuwa haijarudi kuwa miguu, atakata Rula peke yake, na mimi nitabaki kubeba majora na kupiga pasi mpaka hapo atakapoamua vingine.

Niseme ukweli, iliniuma. Kukata ndiyo kitu pekee ninachokijua kuliko watu wengine. Nipe kitambaa chochote, nitakwambia kinavutika upande gani kabla hujafungua jora. Kubeba majora hata toroli linaweza.

Jioni hiyo nikakaa kwenye ngazi ya uani na wembe mpya. Naishi kwa kaka yangu, na mke wake ni muuguzi wa zahanati, kazi yake kusafisha vidonda kutwa nzima. Alipotoka kuanua nguo akaniona nimejikunja, kisigino mkononi, ulimi nje.

“Shemeji, unachinja nini?”

Nikamwambia natoa magaga. Akaninyang'anya wembe, akaniambia watu wa hivyo anawapokea kila wiki, wamejikata, wadudu wameingia, mguu umevimba kama mkate. Tena wanakuja wakichechemea na kusema wamejikwaa. Kisha akanishika mguu, akaugeuza kwenye mwanga, akasema ameona barabara zenye mashimo machache kuliko hapo. Mimi nikamwambia mumewe ana miguu mibaya zaidi. Akasema mumewe alishamkubali na mateso yake, tuzungumzie yangu.

Akaanza kuuliza. Navaa nini kwenda kazini? Kandambili. Nasimama saa ngapi? Siku nzima. Kuna kidonda kilichowahi kukataa kupona? Nasikia kiu sana, nakwenda haja ndogo mara kwa mara? Nikajibu hapana, akasema vizuri, maana sukari nayo huanza kuharibu miguu kimyakimya. Nanawa na nini? Nikamwambia habari ya ndoo na sabuni ya mche, mara nane.

Akauachia mguu wangu.

“Hiyo sabuni inaondoa mafuta kwenye shuka,” akasema. “Ngozi yako wewe ni nani hata iibakizie?”

Basi tukaanza. Beseni la maji ya vuguvugu. Si ya moto, nilitia ya moto siku ya kwanza akayamwaga. Dakika kumi na tano, halafu jiwe la kusugulia, polepole, upande mmoja, na zile nyufa zenye damu nisiziguse kabisa, zisafishwe na kufunikwa mpaka zijifunge. Kujifuta mpaka katikati ya vidole. Kisha mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, kwenye visigino na unyayo, siyo kati ya vidole, huko panataka ukavu. Halafu soksi za pamba, ndiyo kulala. Asubuhi naosha kwa sabuni laini, navaa viatu vya kufunika kisigino. Kumbe mafuta ni yale yale niliyoyapaka, kosa langu lilikuwa saa ya kuyapaka.

Kukaa na miguu ndani ya beseni dakika kumi na tano ni adhabu. Dakika ya nne nilikuwa nimeshahesabu matofali ya ukuta. Kaka yangu akipita ananiita bi harusi. Siku ya sita shemeji akamkalisha na yeye kwenye beseni lake, utani ukaisha.

Lakini kazini ndoo ilikuwa palepale. Hata mbeba majora anavuka kitambaa, kwa hiyo nilichojenga usiku sabuni ilikibomoa mchana. Siku ya nane nikamfuata mama mkubwa, nikamwambia magaga yangu yanatoka kwenye ndoo yake. Sikuzunguka. Nikamwambia pia aangalie miguu ya Rula, naye yameanza.

Akanitazama juu mpaka chini. Akasema hiyo ndoo ina miaka kumi na minane, wewe una wiki moja ya udaktari. Akaniambia nirudi kwenye pasi.

Nikarudi. Ila nikaanza kunawa kwa kipande changu cha sabuni laini, nakileta mfukoni, na mama mkubwa akiniona anageuza macho kama hajaona.

Siku ya ukumbi ikafika. Akaniita katikati ya sakafu mbele ya watu wote, akachukua kipande cha neti, akakipitisha kwenye kisigino changu cha kulia. Kimya. Kikapita kama kimepakwa sabuni. Cha kushoto. Kikapita, kikapita, halafu tik, uzi mmoja.

Rula akaangalia dari. Wadada hawakucheka.

“Huu ulikuwa mbaya kuliko mwenzake,” nikasema. “Bado siku nne, mama. Tano nikiwa mwongo.”

Akaupima mguu kwa macho kama anavyopima dirisha. Kisha akamwambia Rula abadilishe mpango: waanze na bitana, kile kitambaa kizito cha nyuma kisichonaswa na kitu, neti ije mwisho. Bitana ina kazi ya siku tano. Akanirudishia mkasi, akaniambia nisijichekeshe, sijashinda.

Nilijichekesha.

Asubuhi iliyofuata kwenye ndoo nikakuta sabuni laini, mpya, na kando yake taulo safi, moja kwa kila mtu. Rula akauliza imekuwaje. Mama mkubwa akajibu bila kuinua uso kutoka kwenye vipimo vyake kwamba sabuni ya mche imekwisha dukani. Nikaona mche mzima kwenye rafu nyuma yake. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikafunga mdomo.

Nikanawa, nikajifuta mpaka katikati ya vidole. Siku ya sita, saa tatu asubuhi, nikapanda kwenye neti.