Kinywa cha Mama Apolline

Mwaka huu, baada ya uasi, jumba la komine, serikali yetu ya hapa, lilibaki kuta tupu. Mabati yote yalikwenda na vita. Baraza lake likaamua lichukue darasa letu la Kasenga kwa mikutano yake ya jioni. Sisi akina mama wa masomo ya jioni tukae nyumbani, kwa muda.

Muda huo niliuogopa. Mtihani wa sertifika ulikuwa karibu, na bila cheti hicho nisingepokewa kufundisha watoto wa mwaka wa kwanza. Nilikuwa nimeshawaza hata kitenge nitakachovaa siku ya kuanza kazi.

Aliyeleta uamuzi ni Térence, konseye, yaani mjumbe wa baraza, wa mambo ya shule, mtu mpole mwenye viatu vya kung'aa. Alifika jua likiingia nyuma ya milima, Mwalimu Nkeshimana akiandika hesabu ubaoni. Akakanyaga kizingiti, akasema, "Jambo, wamama," kisha akageuka kama aliyemwagiwa maji na kurudi nje.

Kwenye benchi la mbele, karibu nami, alikuwa amekaa Mama Apolline, mama mzazi wa mke wa Térence. Kwao mkwe haingii mahali alipo mama mkwe, hawaangaliani usoni, na neno lao lazima lipite kwa mtu mwingine. Isitoshe, mama huyu alikuja kusoma bila kumwambia mtu. Nyumbani walijua anakwenda kwaya.

Akavuta kitambaa chake cha njano kikamfunika uso upande wa mlango. "Feza," akaniambia, "weye utakuwa kinywa changu. Ambia mukwe wangu namusalimia."

Nikasimama mlangoni, mtoto wangu mgongoni. Térence alikuwa nje, ameutazama ukuta.

"Anakusalimia."

"Ambia mama, na minye namusalimia. Muulize, kwaya iko humu tangu lini?"

"Mujibu kwamba tunaimba hesabu," alisema Mama Apolline, na darasa zima likacheka.

Térence akausomea ukuta uamuzi wa baraza mpaka mwisho.

"Ambia mukwe," akasema Mama Apolline, "ile siku alikuja kuomba binti yangu, aliahidi atamuacha asome. Sasa mama ya binti, hapana?"

Nikayafikisha kama yalivyo.

"Ambia mama ni komine iliamua. Haiko minye."

Nikangoja jibu. Mama Apolline alikuwa anakunja ncha ya kitambaa, maneno yamemwishia. Nikaona darasa letu linaondoka hivihivi.

"Anasema," nikaanza, "baraza likae saa tisa, litupishe kabla ya saa kumi na mbili. Anasema walimu wengi hawajarudi tangu vita, na humu iko mama mmoja karibu na mtihani. Akifaulu atafundisha watoto wa hapa, labda na wa kwako. Anasema mama huyo akirudishwa nyumbani sasa, hajui kama atapata tena nguvu ya kutoka."

Térence hakugeuka. "Mama amesema hayo yote?"

Masikio yakaniwaka moto. Nyuma yangu Mama Apolline akakohoa.

"Ambia mukwe, ndivyo nilisema. Na sijamaliza."

"Basi asimalize," akasema Térence haraka. "Nitayapeleka."

Aliyapeleka, na baraza likakubali. Sasa linakaa saa tisa, na watu wa Kasenga wanashangaa jinsi linavyomaliza mapema. Jua likianza kushuka Térence anachungulia barabara. Akiona kitambaa cha njano, anasema hoja imepita, anatokea mlango wa nyuma. Mama Apolline naye hutembea polepole, kumpa nafasi.

Jana tulikalia mabenchi yakiwa bado na joto la wakubwa. Nilikuwa namshusha mtoto Mama Apolline aliponiinamia.

"Feza, yule mama wa mutihani ni nani?"

"Ni minye, mama."

"Nilijua. Basi fungua kitabu. Ukianguka, mukwe wangu atasema nilimudanganya."