Thelathini na Moja Nukta Mbili

Kemia naijua. Nalisema hili mapema kwa sababu cheti changu kinasema D, na watu wa huku kwetu wakishaiona D hawakusikilizi tena. Wanakuangalia kwa huruma ile ya msibani, halafu wanakuuliza kama mpunga mwaka huu umekubali. Umekubali, ndaga, asanteni. Lakini kemia naijua, na ile D niliipata kwa sababu ya maji ya ndoo.

Naitwa Prisca, wa Mwaya. Nilichotaka kilikuwa kimoja tu: C ya kemia. Sikutaka A, sikuwa mwendawazimu. Ukiwa na C ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia, unapangiwa sayansi kidato cha tano, na kuanzia hapo unaweza kusema unataka kuwa mfamasia bila watu kukucheka. Fizikia na baiolojia nilikuwa na uhakika nazo. Kemia ilikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ni nadharia, na Kiingereza chake kilikuwa kinanipiga chenga hata pale nilipolijua jibu. Ya pili ni ya vitendo, ile ambayo wanafunzi tunaiita praktiko. Kwenye praktiko maneno ni machache, kazi ni ya macho na mikono. Nikapiga hesabu zangu: nadharia inifikishe katikati, praktiko inivushe.

Basi nikajifunza praktiko kama mtu aliyerogwa. Shule ilikuwa na bureti chache na nyingine zinavuja. Bureti, kwa asiyeijua, ni mrija mrefu wa kioo wenye alama za vipimo na koki chini. Unaujaza asidi, unaidondosha taratibu kwenye chupa yenye maji ya magadi, na rangi ikigeuka unafunga koki na kusoma umetumia asidi kiasi gani. Ugumu wote upo kwenye kufunga. Ukichelewa kidogo tu umeharibu, anza upya.

Zamu yangu ya bureti ilikuwa haifiki, wale wa mbele wakiishika hawaiachii. Nikafungua maabara yangu jikoni kwa mama. Rafiki yangu Shamsa, ambaye baba yake, mzee Husseini, ana duka la dawa Kyela mjini, aliniletea bomba la sindano lisilo na sindano yenyewe. Hiyo ikawa bureti. Limau likawa asidi. Nikachoma maganda ya ndizi, majivu yake nikayachuja kwa maji, nikapata magadi. Nikachemsha rozela nikapata rangi ya kunionyesha mwisho: kwenye maji ya majivu inakuwa kijani chafu, ukidondosha limau inarudi nyekundu.

"Gwe Prisca," mama akasema, "malimau yote unayamalizia kwenye vikombe, samaki tutamla na nini?"

"Nasoma, mama."

"Unasoma na sufuria yangu?"

Alinung'unika wiki nzima, lakini ungo wa malimau haukuwahi kukaa mtupu. Hakuuliza tena.

Jumamosi Shamsa alikuwa anakuja kutoka mjini tusome pamoja. Shamsa ana akili za duka, hesabu za chenji hazimshindi, ila kemia alikuwa anaiogopa. Siku moja akatupa kalamu. "Hii moli ni kitu gani hasa? Nimekariri mpaka nimechoka."

Nikamchotea mchele kwenye bakuli. "Hesabu punje."

"Una wazimu wewe?"

"Sasa je! Mama akiuza mchele anahesabu punje? Anapima debe. Na hizi atomu hakuna wa kuzihesabu moja moja, kwa hiyo wakemia nao wana debe lao. Ndiyo moli."

Alicheka mpaka machozi, akaandika, na tangu hapo maswali ya moli hayakumsumbua. Lakini kwenye bomba la sindano alikuwa hafai kabisa. Kila mara anapitiliza, kikombe kinakuwa chekundu kama damu, na yeye anasema, "Si umefanya wewe? Nipe namba yako niandike."

"Usipike," nilikuwa namwambia.

Kupika ndiyo dhambi ya praktiko. Unalijua jibu la kitabuni, basi unarudi nyuma kwa hesabu, unatafuta namba ya bureti itakayokufikisha kwenye jibu hilo, unaiandika kana kwamba umeisoma kwa macho. Mwalimu wetu wa kemia, mwalimu Lazaro, alikuwa hana msamaha na wapishi. Alikuwa anachukua daftari la mtu analinusa mbele ya darasa zima. "Kuna harufu ya vitunguu humu," anasema, "mama lishe wewe, nenda stendi ukauze chapati." Halafu anaturudia sote, sauti ikiwa imeshuka: "Andika unachokiona. Hata kama kinakushangaza, andika unachokiona." Nilimpenda kwa maneno hayo. Sikuwa na mwalimu mwingine aliyeniambia kuwa macho yangu yana thamani.

Siku ya praktiko ya mtihani wa taifa ilikuwa Novemba, joto la Kyela lile la kabla ya mvua, shati limeganda mgongoni tangu asubuhi. Maabara haikututosha. Kundi la kwanza likaingia, sisi wa kundi la pili tukafungiwa kwenye chumba cha darasa tusionane nao, maana swali ni lile lile. Shamsa alikuwa kundi langu. Tulikaa pale bila chai, bila kuongea, mpaka zamu yetu.

Swali nililipenda nilipoliona. Fuwele za magadi ya kufulia zina maji ndani yake, tafuta ni moli ngapi za maji. Kila aliyefungua kitabu anajua kitabu kinasema kumi. Na ukirudi nyuma kwa hesabu, ili upate kumi bureti inatakiwa isome ishirini na tano.

Yangu ilisoma thelathini na moja nukta mbili.

Nikaosha vyombo, nikarudia. Rangi ya njano ikageuka, nikafunga koki pale pale, chungwa jepesi, zuri kuliko yote niliyowahi kupata. Thelathini na moja nukta mbili. Nikarudia tena, nikapata ile ile. Nikapiga hesabu: moli za maji sita nukta nane.

Nilijua kabisa wanachotaka kukiona. Ningeweza kuandika ishirini na tano, nifunge karatasi, nikale maembe. Lakini nilikuwa nimefunga koki mara tatu, na mara zote tatu namba ilikuwa moja. Tena nilikumbuka jambo tulilofundishwa: magadi yale ukiyaacha wazi hewani yanapoteza maji yake kidogo kidogo, fuwele zinageuka unga. Mwalimu Lazaro mwenyewe aliwahi kuziweka kwenye kisosi dirishani tukaziona zikibadilika. Nikasema ahaa, huu ndio mtego wa mwaka huu, wametupa magadi yaliyokaa wazi wapate kumjua mpishi na mtu anayeelewa. Nikaandika thelathini na moja nukta mbili. Nikaandika sita nukta nane, na chini yake nikaeleza sababu kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Nilitoka pale nina furaha ya kijinga.

Nje, Shamsa akanishika mkono. "Umesoma ngapi?"

"Thelathini na moja nukta mbili."

Akaziba mdomo. "Na mimi nilipata thelathini na moja na kitu! Nikasema nimepitiliza, kawaida yangu, si unanijua. Nikafuta, nikaweka ishirini na tano."

Shamsa hakuyaamini macho yake kwa sababu hakuwa amejifunza. Mimi niliyaamini yangu kwa sababu nilijifunza. Nilimwambia jibu lake ni baya, wasahihishaji watamkamata. Nilimsikitikia, wallahi, nilimsikitikia njia nzima ya kurudi Mwaya.

Matokeo yalipotoka Shamsa alikuwa na C ya kemia. Mimi D. Mwezi wa sita wakatupanga shule: Shamsa akapata sayansi, mimi nikapangiwa Historia, Jiografia na Kiswahili. Watu wakanipongeza, wakasema angalau umechaguliwa. Shamsa alikuja kuniaga, akalia kuliko mimi, na hilo nalo lilinikera. Nilitaka kulia peke yangu.

Wiki hiyo hiyo nilikwenda shule kuchukua cheti cha kumaliza. Nilimkuta mwalimu Lazaro kwenye mlango wa maabara, ndani kidato cha nne wapya wanafanya mazoezi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Prisca. Pole. Nimeona matokeo."

Sikuwa nimepanga kuuliza, swali lilitoka lenyewe. "Mwalimu, ile asidi ya kundi la pili ilikuwa sawa na ya kundi la kwanza?"

Akageuka kuangalia kama kuna mtu karibu. Kabla hajafungua mdomo nilikuwa nimeshajua.

"Bureti zilikuwa zinavuja," akasema. "Kundi la kwanza wakarudia, wakamwaga. Nikaona asidi haitawatosha ninyi. Nikaongeza maji kwenye ndoo. Kidogo tu."

Maji kwenye asidi. Asidi inapungua nguvu, inabidi utumie nyingi zaidi, bureti inasoma juu. Mtoto wa kidato cha pili analijua hilo. Kumbe nilisoma sawasawa. Kumbe niliandika ukweli, na magadi hayakuwa na tatizo lolote, wala hapakuwa na mtego.

"Ulitakiwa uwaandikie," nikasema. "Wanaosahihisha. Uwaambie asidi ya kundi la pili imezimuliwa."

"Niwaambie nimeharibu mtihani wa taifa? Prisca, nina familia. Nikasema ngoja tuone. Na kweli, hakuna aliyegundua. Wenzako wote waliniambia waliandika ishirini na tano."

"Mimi niligundua."

Akanishika bega, kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma. "Na wewe mwanangu. Ulijua kabisa jibu ni kumi. Mtu mwenye akili kama zako. Si ungeandika tu?"

Nimewahi kukasirika maishani, lakini hasira ile sikuwahi kuijua. Nilitaka kumpigia kelele hadi Ikombe, kijiji cha mbali kule ziwani, wasikie. Nilisimama pale nikimwangalia mtu aliyenifundisha kuyaamini macho yangu, na nilichokiona ni mtu mzima mwenye hofu, anayetaka nimwambie kuwa hana kosa. Sikumwambia.

Labda alidhani ananifariji, sijui. Alinivuta ndani. "Kidato cha nne, simameni. Huyu ni dada yenu Prisca. Sijapata kufundisha mikono kama ya huyu. Na hakupika hata siku moja, aliandika alichokiona. Mpigieni makofi."

Wakanipigia makofi yale ya shule, pa, pa, pa, kwa pamoja. Walikuwa wanafanya mazoezi ya magadi ya kufulia, yale yale. Meza ya mbele alikaa binti mmoja mwembamba, bureti mbele yake, penseli mkononi. Kwenye daftari lake nilisoma 27.4. Koki alikuwa ameifunga vizuri, rangi ya chupa yake ilikuwa pale inapotakiwa. Huenda asidi yao nayo ilikuwa na mambo yake.

"Dada," akaniuliza kwa adabu, "na kemia ulipata nini?"

Wote walitaka kujua. Mwalimu Lazaro akainama kwenye meza ya jirani akaanza kukaza koki ambayo wala haikuwa inavuja. Ningeweza kusema A wakafurahi. Ningeweza kuwasimulia habari ya ndoo, na yeye angesema Prisca ana machungu ya kufeli, nao wangemwamini yeye.

"D," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Yule binti aliniangalia kidogo, akaliangalia daftari lake. Akachukua raba, akafuta 27.4 taratibu, akapuliza uchafu, akaandika 25.0. Mwalimu Lazaro alikuwa amesimama nyuma yake kabisa na aliona kila kitu, akaenda meza nyingine.