Geti Lilipopanda Bei, Nerima Akakaa Mbele

"Neno moja tu nakuuliza, Nerima. Jumamosi utakuja kwenye mkutano au huji?"

"Siji, Mama Lakot. Nimekwambia siji, na nguo zangu zinanisubiri kwenye beseni."

"Huji kwa sababu gani? Si unapita geti la ushuru kila siku? Si unalipa?"

"Nalipa. Tukigawana wanne, hainiumi. Wakitaka, wapandishe tena."

Acayo, ambaye uani kwetu anaitwa Mama Lakot kwa jina la binti yake aliyekwisha kuolewa, alitua ndoo chini kwa kishindo mpaka maji yakamrukia miguuni. Vyumba vyote viliacha shughuli. Redio ya Tarcisio ikapunguzwa sauti. Aol, anayesuka watu nywele mlangoni kwake, aliacha kitana kimesimama kichwani mwa mteja. Ugomvi huu ulikuwa jikoni mwezi mzima, na hakuna aliyetaka kukosa sahani yake.

"Haimuumi! Sikieni wenyewe," Acayo akasema, akitugeukia sisi kama mashahidi. "Ggaba nzima inalia na kampuni ya barabara. Akina mama wa samaki wanalia. Yeye haimuumi. Itamuumaje, na amekalia kiti changu?"

Hapo sasa limetoka.

"Kiti gani?" Nerima aliuliza, huku akikung'uta shati kana kwamba hajui.

"Cha mbele! Kwenye gari la mume wangu!"

"Nikikaa nyuma natapika, nnyabo. Muulize Tarcisio. Siku ya kwanza nilimtapikia viatu."

"Kweli alinitapikia," Tarcisio akasema kutoka dirishani, na hakuna aliyekuwa amemwita.

"Tumbo lilipanda basi kutoka Busia mpaka Kampala na magunia yake bila shida," Acayo akasema, "leo ndiyo limejua kuchagua kiti!"

Tulicheka. Nerima naye alicheka, na hilo ndilo lililomkera Acayo kuliko jibu lolote. Nerima ni mwanamke anayecheka vizuri, kichwa nyuma, meno yote nje, na ana meno ya kuonyesha. Alibeba beseni lake akaingia ndani, bado anacheka.

Barabara yenyewe inaanzia upande wetu wa ziwani, inakatiza juu ya mabwawa ya mafunjo, na kukuteremsha karibu na Nsambya kabla chai haijapoa tumboni. Njia ya zamani ni ile ile: boda zinazotoka kila shimo, malori ya mchanga, taxi, vile vibasi vinavyosimama kila penye mkono ulioinuliwa. Kwa hiyo kampuni ilipofungua geti, wenye magari walilipa na kushukuru. Ushuru ukapanda, wakanung'unika na kulipa. Ukapanda tena, na safari hii hata wenye vioo vyeusi walivishusha ili watukane.

Odyek, mume wa Acayo, aliyekuwa dereva wa polisi mpaka majuzi na sasa anasimamia walinzi wa kampuni moja kule Nsambya, alirudi jioni hiyo akasema gari analiegesha, hawezi kufanyia kazi geti. Ni Acayo, kwa mdomo wake mwenyewe, aliyempa dawa. Alisema: chukua majirani, mgawane ushuru. Tarcisio anafua mashuka ya hospitali huko huko. Mwalimu Wanyama wa chumba cha mwisho anafundisha karibu na hapo. Na Nerima ana kibanda cha mapazia Kamwokya, ukimfikisha Nsambya atamalizia na boda. Alilitaja jina la Nerima yeye mwenyewe! Ukitaka kumwona Acayo akifunga macho kwa uchungu, mkumbushe hilo.

Kabla ya hapo, nyumba iliyojaa uani kwetu ilikuwa ya Acayo. Odyek alirudi na habari za mjini, nani kafumaniwa, nani kahamishwa, na mkewe akazipokea zikiwa moto, akazitia chumvi, akatugawia barazani pamoja na chai ya tangawizi. Hata waliomdai chumvi ya mwaka jana walikuja. Wakati mwingine tulikosa pa kukaa tukakalia madumu.

Gari lilipoanza kujaa, baraza ikaanza kupwaya. Jioni wakifika hawashuki mara moja. Odyek anazima injini, taa ya ndani inabaki inawaka, na wanne wale wanamalizia kucheka ndani ya vioo kama samaki waliokunywa pombe. Acayo amesimama mlangoni na kitambaa cha sufuria mkononi. Wakishuka, bado wanajifuta machozi.

"Leo Bibi Harusi alivyomfanya Wanyama!" Odyek anasema.

"Bibi Harusi ndiye nani?" Acayo anauliza.

"Aa, yule msichana wa getini. Anavaa glavu nyeupe, na kope ndefu hivi. Sasa Wanyama akamwambia..." Hapo wanaangaliana, wanapasuka upya. "Haielezeki, Mama Lakot. Ungekuwepo."

Ungekuwepo. Acayo alilisikia neno hilo mara nyingi mpaka akawa analiota. Alijua kabisa mume wake hana lolote na Nerima, yule Mkenya. Alituapia hivyo, naye hakuwa mtu wa kujidanganya. Angeweza kumsamehe mume mwenye hawara, alisema, kwa maana hawara unamtafuta, unamtukana, unamaliza. Lakini mume anayekwenda kuchekea kwingine, akirudi nyumbani hana kilichobaki, huyo unamshitaki wapi?

Ndipo akawa adui mkubwa wa ushuru kuliko wote, mwanamke ambaye hajawahi kupita getini hata mara moja. Alipiga hesabu yake: bei ikishuka, kila mtu atarudi kwenye njia yake, gari litakuwa tupu, na Odyek atarudi na habari zake mdomoni. Alizunguka nyumba kwa nyumba. Alikwenda mpaka sokoni Ggaba kuwakusanya wauza samaki. Kampuni ilipotangaza kwamba Jumamosi itapokea maoni ya wananchi kwenye hema karibu na geti, alipita na filimbi ya askari ya mume wake shingoni.

Jumamosi ilipofika, wa kwanza kusimama kando ya gari alikuwa Nerima. Baada ya maneno yale uani, kutokwenda kungekuwa kukubali kosa. Alikuwa amevaa gauni la kijani, limemkaa kama alizaliwa nalo. Alifungua mlango wa nyuma, akaingia katikati ya Tarcisio na Wanyama, mfuko wa plastiki mkononi.

Acayo akakaa mbele. Alivuta gauni lake la gomesi vizuri, akajifunga mkanda, akaweka mkono kwenye dashibodi kama mtu anayeonyeshwa kiwanja chake.

"Haya," akasema. "Twende."

Gari likaenda. Akangoja.

Walipita kituo cha mafuta, hakuna aliyesema kitu. Wakapanda barabara ya kampuni, laini mpaka unasikia saa ya Wanyama inavyogonga. Tarcisio akakohoa. Odyek alishika usukani kwa mikono miwili kama siku ya mtihani wa leseni. Acayo akageuka nyuma, akatabasamu.

"Mbona kimya? Semeni basi."

"Tuseme nini, Mama Lakot?" Wanyama akajibu kwa heshima kubwa.

"Si mnavyosemaga."

"Ni vitu vya kawaida tu."

Kwenye kona ya mabwawani Nerima akainamia mfuko wake akatapika. Hakulalamika, hakumgusa mtu. Alijifuta mdomo kwa leso, akafunga mfuko fundo, akaangalia nje. Acayo alimwona kwenye kioo, na roho ikamchoma: hata kutapika, mwanamke huyu anatapika kwa adabu.

Getini alikuwepo msichana mwenye glavu nyeupe na kope ndefu. Akapokea pesa, akanyanyua kizuizi.

"Huyu ndiye Bibi Harusi?" Acayo akauliza haraka, akitafuta pa kuingilia.

"Ndiye," Odyek akasema.

Basi. Alisema "ndiye", wakapita. Acayo alihisi kama mtu aliyeingia kwenye sherehe akakuta watu wanapanga viti kuondoka, na wanavipanga kwa sababu yake.

Hema lilikuwa limejaa. Bwana wa kampuni alikuwa na shati jeupe na kipaza sauti, na mbele yake chupa ya maji asiyoinywa. Wauza samaki walisema. Mwenye lori alisema. Kisha Acayo akasimama, na wale wanaomjua wakakaa vizuri.

"Ssebo," alianza, "mlitujengea barabara, tukashangilia. Sasa mnatubana koo. Mtu anafanya kazi kwa ajili ya geti! Mtu analazimika kubeba majirani, wanaume kwa wanawake, wanabanana garini, na wengine wamevaa wanavyotaka. Nyumba za watu zinaharibika!"

Makofi. Filimbi pia, alijipigia mwenyewe.

"Asante, mama," bwana wa kampuni akasema. "Tungependa kujua, wewe unapita mara ngapi kwa wiki?"

Acayo alirekebisha filimbi shingoni. Akaangalia juu ya hema.

"Leo," akasema.

"Leo ndiyo mara ya...?"

"Ya kwanza."

Hema lilicheka mpaka kamba zikatikisika. Odyek aliangalia viatu vyake. Tulimwona Acayo akikaa polepole, uso umekazana, anajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Nerima akasimama. Hakuomba kipaza sauti.

"Mimi napita kila siku," alisema. "Na nyumbani nilisema sitakuja hapa, kwamba hainiumi. Bwana, punguzeni pesa hiyo. Mnaocheka, mnajua gari la nyumba yako likikaliwa na watu wanne kila siku inakuwaje kwa aliyebaki nyumbani? Punguzeni, kila mtu apite anavyojua, majumbani pawe na amani."

Kicheko kilikatika. Bwana wa kampuni aliandika kitu, akasema maoni yamepokelewa. Ushuru haukushuka hata kidogo, wala leo haujashuka. Na Acayo hakusema asante. Kitu kibaya kuliko kuchekwa, alimwambia Aol baadaye, ni kutetewa na mtu unayemwonea wivu, tena akatetea vizuri kuliko wewe.

Jumatatu Nerima hakuja garini. Alipanda taxi ya njia ya zamani kama kawaida ya watu wengine. Bila fungu lake, mzigo wa geti ukawalemea waliobaki. Wanyama akanunua baiskeli, Tarcisio akaomba zamu ya usiku. Odyek akarudi njia ya zamani, peke yake.

Acayo akawa amepata alichotaka. Mume anafika, anashuka moja kwa moja, anaingia ndani.

"Habari za leo?"

"Nzuri."

"Huko mjini?"

"Foleni tu."

Anakaa mbele ya televisheni, anabadilisha vituo. Acayo anachemsha chai ya tangawizi, anaiweka barazani, inapoa. Tulipita pale, tukasalimia, tukaendelea. Tungekaa tusikilize nini? Odyek hakuwa na habari kwa sababu habari zake zote, kumbe, zilikuwa za garini. Hata zile za zamani alikuwa anazipata kwa kubeba watu wa polisi. Mtu huyu akiwa peke yake haoni kitu barabarani isipokuwa barabara.

Zikapita siku hivyo. Kisha jioni moja mvua ilikuwa imekatika tu, matope mpaka kwenye vizingiti, Nerima akaingia uani, viatu mkononi, gauni limelowa mpaka magotini. Alichelewa mno, njia ya zamani ilikuwa imefungwa na lori lililoanguka. Mtu mwingine angeingia kwake alale. Yeye alisimama katikati ya ua, akaweka viatu juu ya dumu.

"Aol! Toka nikueleze. Leo nimekaa na mbuzi."

"Mbuzi gani?"

"Mbuzi kwenye taxi! Na kondakta amemtoza nauli. Mwenye mbuzi akasema mbuzi hajakaa kwenye kiti. Kondakta akasema basi ashuke. Sasa mama mmoja wa Kamwokya nyuma yangu akamwambia kondakta..."

Milango ilianza kufunguka. Tarcisio alitoka na mswaki mdomoni. Wanyama akaegemea baiskeli yake. Hata Odyek alizima televisheni, akasimama mlangoni pake, na uso wake ulikuwa umefunguka kama ambavyo haukufunguka wiki nzima. Acayo aliuona uso ule kutoka jikoni. Aliona pia ua umejaa, umejaa kama zamani, na umejaa mbele ya mlango usio wake.

Kwenye jiko kulikuwa na mboga ya boo, majani ya kunde, iliyotiwa simsim, na kwon, ugali wa mtama uliosongwa sasa hivi, bado unatoa mvuke. Alisonga mwingi siku hiyo. Bado alikuwa hajazoea kupikia wawili tu, bila wageni wa barazani. Alisimama, mwiko mkononi, akisikiliza kicheko kinavyopanda. Alifunika sufuria. Akaifunua.

Kisha akatoka, akapita katikati ya watu mpaka alipokuwa Nerima, akachukua vile viatu vyenye matope juu ya dumu kabla mwenyewe hajavifikia.

"Nerima."

Aol akarudi nyuma hatua moja, tayari kwa vita.

"Mama Lakot," Nerima akajibu, hacheki tena.

"Huyo mama wa Kamwokya alimwambia nini kondakta?"

"Alimwambia..."

"Hapana, usimalizie hapa, unatetemeka kama kuku." Acayo alikuwa tayari amegeuka anaelekea mlangoni kwake, viatu vya mwenzake vikining'inia kwenye vidole. "Njoo ndani ule. Na ninyi wengine, mnasimama mnaangalia nini? Kila mtu aje na kiti chake."