Dada Ambaye Hatutamtaja Jina

Wakonyo alikuwa amefumba macho pamoja na wenzake alipoanza kujitambua ndani ya ombi la mtu mwingine.

"Baba, tunakuletea dada yetu mmoja," Jeniffer alikuwa akisema, kwa ile sauti ya kutetemeka aliyoiweka kwa mambo mazito. "Hatutamtaja jina. Wewe unamjua. Tangu kijana wake aende, hajaweza kuongea na wewe. Anasimama mbele yetu, anafungua mdomo, lakini ndani, Baba, ndani hakuna kitu. Mrudishe. Hata akishika vikombe vyako, ashike na mikono iko na imani."

Ilikuwa Alhamisi alasiri, sebuleni kwa Jeniffer, Naro Moru. Wanawake wanane walikuwa wameinamisha vichwa. Wote walijua ni nani aliyeosha vikombe vya meza ya Bwana. Wote walijua ni kijana wa nani aliyeshushwa kutoka mlimani mgongoni mwa wapagazi wenzake, mapafu yamejaa maji, akafa kabla ya kufika barabarani.

"Amina," wakasema, na Wakonyo akasikia sauti yake mwenyewe ikisema amina pamoja nao.

Walipofumbua macho hakuna aliyemtazama. Mmoja alinyoosha kitambaa cha kochi kilichokuwa kimenyooka tayari. Mbeti, mama kutoka Embu aliyeolewa huku na ambaye maneno yake yalikuwa machache, alichukua birika, akammiminia Wakonyo chai, akaongeza maziwa mpaka ikawa nyeupe kabisa, jinsi alivyoipenda. Alimshikisha kikombe kwa mikono miwili kama mtu anayemshikisha mgonjwa.

Katika kanisa lao dogo la mabati, kila Januari akina mama waligawanywa wawili wawili. Uliyepewa ndiye mwenzako wa maombi kwa mwaka mzima: unamwambia mzigo wako, anakwambia wake, mnapiga magoti, basi. Mwaka ukiisha mnabadilishana. Wakonyo na Jeniffer walikataa kubadilishwa. Ilikuwa miaka kumi na minne sasa, na watu waliwatania kwamba hata mbinguni wataomba kiti kimoja.

Kwa hiyo ni Jeniffer, na Jeniffer peke yake, ambaye Wakonyo alimwambia siri yake. Walikuwa wamesimama kwenye mpaka wa mashamba yao, wiki tatu kabla ya Alhamisi ile.

"Nikipiga magoti siskii mtu," alisema. "Ni kama kupigia simu nyumba watu wamehama. Naombea watu kwa sababu mdomo unajua njia."

"Ati tangu lini?"

"Miezi minane. Kitu imebaki ni vikombe."

Hakueleza zaidi, kwa sababu hakujua namna. Vilikuwa vikombe sabini na viwili vya kioo, kila kimoja kidogo kama kidole gumba. Kila Jumamosi kabla ya meza ya Bwana alichemsha maji, akakamua limau, akaviosha kimoja kimoja kwa kitambaa alichokizungusha kwenye kijiti, bila sabuni hata kidogo, maana sabuni hujificha chini ya kikombe chembamba na haitoki. Kisha alikiinua kila kimoja kwenye mwanga wa dirisha. Hiki, labda, atanywa mzee Ngatia, ambaye mguu unamsumbua. Hiki atanywa Njoki, aliyefiwa na ng'ombe. Hakuwa anawaombea. Aliwakumbuka tu, watu sabini na wawili, na mikono ilipokuwa ndani ya maji ya moto alihisi kwamba huenda yuko mtu chumbani. Hakugeuka kutazama. Aliogopa akigeuka asimwone.

Jumamosi, siku mbili baada ya ombi lile la Jeniffer, alimkuta Muchiri, mzee wa kanisa, amekaa nje ya mlango wa jiko la kanisa, kofia mapajani.

"Bwana asifiwe, Mama Theuri."

"Amen."

"Tumekaa wazee jana." Akaigeuza kofia. "Tumeonelea upumzike kidogo. Ni kwa upendo tu."

"Nipumzike nini?"

"Si unajua. Vikombe. Mke wa Kim atashika kwanza, mpaka ukae sawa."

"Kuna siku viliwahi kuwa vichafu?"

"Hapana, mama. Haiko mambo ya uchafu."

Akanyoosha kiganja kupokea ufunguo wa kabati, na macho yake akayaweka chini. Hakuwa mtu mbaya. Siku ya kumzika Theuri mvua ilinyesha bila huruma, na Muchiri huyu ndiye aliyebaki kaburini na jembe vijana walipokimbilia chini ya hema. Wakonyo alilikumbuka hilo alipokuwa akiufungua ufunguo kutoka kwenye pindo la leso. Ndiyo sababu hakuutupa chini. Aliuweka kiganjani mwake polepole.

Hakwenda nyumbani. Alimkuta Jeniffer shambani akichimba viazi.

"Wamechukua ufunguo," Wakonyo alisema.

Jeniffer alisimama wima, udongo mpaka viwiko. "Hiyo sikuwaambia wafanye. Haki ya Mungu, sikuwaambia."

"Nilikuambia wewe."

"Na mimi nikamwambia Mungu!"

"Mungu hakuwa amekaa kwa kochi yako akikunywa chai, Jeni. Ni wanawake wanane."

"Sikutaja jina."

"Ungetaja. Ungetaja, wangejua ni mimi, na mimi ningejua umeniuza. Sasa umeniuza na nikasema amina."

Jeniffer alitupa jembe. Alipoongea tena sauti yake haikuwa ile ya maombi. Ilikuwa nyembamba, ya mtu anayeogopa.

"Unajua ulinifanya nini siku hiyo kwa mpaka? Mimi nikikosa mtoto miaka sita, ni nani aliniombea mpaka nikazaa Griffins? Ni wewe. Mimi sijawahi kusikia kitu, Wakonyo. Hata siku moja. Mimi naamini kwa sababu nakuona wewe ukiomba. Halafu unakuja hapa unaniambia ati nyumba watu wamehama. Ningebeba hiyo namna gani peke yangu?"

"Ungekuja uniambie hivyo."

"Nilishindwa."

"Kwa hivyo ukaambia kila mtu."

Wakonyo alisubiri kiasi cha mtu kusema samahani, kisha akasubiri kidogo zaidi, kwa ajili ya miaka kumi na minne. Halafu akarudi nyumbani.

Jumapili alikaa kwenye benchi la nyuma, kando ya mzee Ngatia, ambaye alisogeza mguu wake mbovu kumpisha kana kwamba nafasi ile ilikuwa yake tangu zamani. Alikuwa ameamua hatashiriki. Lakini sinia ilipofika, mkono uliinuka, ukachukua kikombe. Alikiinua kidogo kuelekea dirishani, kwa mazoea. Kilikuwa na ukungu.

Wakanywa wote kwa pamoja. Mtu akakohoa, kisha mwingine, mpaka kanisa zima. Ngatia alilamba midomo, akainama sikioni mwake.

"Mama Theuri," akanong'ona, "leo Yesu ameoshwa na sabuni ya nguo."

Kicheko kilimpanda kabla hajakizuia, akakifunika na leso, na nyuma ya kicheko kikaja kitu kikali, cha moto, kikamjaa kifuani. Umeonja? aliuliza moyoni. Na wewe umeonja? Umewaona wakinifanyia hivi, ukanyamaza? Na Theuri akifa, pia ulinyamaza? Aliuliza mpaka wimbo wa mwisho ukaisha, kwa hasira, bila kupumzika, na hakujishughulisha kujua alikuwa akimwuliza nani.

Ibada ilipokwisha walitoka wakiimba, kama ilivyo desturi yao, na kupanga mstari uwanjani: wa kwanza kutoka anasimama, wa pili anamsalimia na kusimama kando yake, mpaka kila mtu awe ameshika mkono wa kila mtu. Aliyekaa nyuma hutoka wa mwisho. Wakonyo alianza kupita. Mkono wa Muchiri ulikuwa mzito, nao ulikawia kumwachia. Mke wa Kim alimpa mkono uliopasuka kwa sabuni, akatazama kando. Mbeti alimvuta, akamkumbatia.

Mlima ulikuwa umejifunua nyuma ya paa la mabati, mweupe juu. Mbele yake zilibaki salamu tatu, kisha mbili. Jeniffer alikuwa ameunyoosha mkono wake mapema mno, ukabaki hewani peke yake, una udongo wa viazi uliokataa kutoka kwenye kucha. Wimbo ulikuwa ukielekea kwenye kiitikio. Wakonyo aliachia mkono alioushika, akapiga hatua kuelekea kwake.