Mtu wa Mlangoni

Walburga alikuwa na hakika wanamfuta. Hakuna aliyemwambia, wala hakuhitaji kuambiwa. Asubuhi aliingia studio ya Alfani, pale Lizaboni nyuma ya maduka, akafungiwa kwenye chumba kidogo kilichobandikwa trei za mayai ukutani kuzuia mwangwi, akavishwa hedifoni, akaimba sauti ya pili peke yake kama mtu anayegombana na ukuta. Alipotoka tu, Mwalimu Valence wa kwaya na Alfani fundi mitambo wakatazamana. Kisha akaitwa Jane, yule binti aliyejiunga na kwaya juzijuzi, aimbe sehemu ileile. Akaimba. Akaitwa tena, na safari hii pazia la dirishani likashushwa.

"Anarudia nini huyo?" Walburga aliuliza pale kwenye benchi la nje.

"Labda kakosea," alisema Rupert wa besi, akimenya chungwa.

"Aliyekosea anarudia mara moja. Huyu anaimba ya watu wawili."

Rupert akatia kipande cha chungwa mdomoni. Walburga alimjua Rupert tangu wote wawili wana meno yote: akinyamaza, basi anajua jambo.

Kwaya yao ilikuwa na jubilei. Walikubaliana kuirekodi upya ile misa ya Kilatini ya sauti nne, waliyoirekodi ujanani kule misheni, ili sasa iwekwe mtandaoni. Kaseti zimekufa, CD nazo hakuna wa kuzicheza, muziki siku hizi unakaa hewani na kila mwenye simu anauchuma. Na Walburga alitaka kuwemo. Mumewe Hironimus amelala kaburini Maposeni, watoto wametawanyika, wajukuu hata hawaamini kwamba bibi yao aliwahi kuimba Kilatini. Rekodi hii ndiyo ingebaki ikisema alikuwepo. Sasa fundi mmoja wa kutoka Tunduru, ambaye juzi alirekodi kaswida na jana bongo fleva, ndiye ashike kitufe cha kuamua nani abaki na nani aondoke?

Kwani huku nako ni kurekodi? Mnaingia mmoja mmoja kama mnakwenda kuungama, mkitoka hamjui mmeandikiwa kitubio gani. Zamani kwaya nzima ilisimama kanisani mara moja. Kuku walifukuzwa uani, milango ikafungwa, bruda mmoja Mzungu akasimamisha maiki zake mbili: moja mbele kwa Mwalimu Pankrasi, nyingine nyuma kwenye mlango mkubwa, kwa ajili ya mwangwi. Hapakuwa na mashine ya kumpandisha huyu na kumshusha yule. Kazi hiyo ilifanywa na miguu ya watu. Mwenye sauti ndogo alisogezwa mbele, mwenye sauti kubwa alirudishwa nyuma. Walburga alirudishwa nyuma, akarudishwa tena, mpaka mgongo wake ukagusa mlango.

"Wewe dada una nguvu," Mwalimu Pankrasi alimwambia. Basi tangu siku hiyo cheo chake kikawa hicho, mtu wa mlangoni, na kila mgeni wa sauti ya pili alikisikia kabla hata hajapewa kiti.

Hironimus naye aliomba mwenyewe kurudi nyuma. Besi yake ilikuwa laini, ya kukaa mbele kabisa, lakini alikwenda kusimama ubavuni mwa mkewe, watu wakacheka, wakasema hayo ndiyo mapenzi. Walburga hakucheka, kwa sababu Hironimus akisimama pale alikuwa anaacha besi na kuimba sauti ya pili. Akamsema njia nzima ya kurudi nyumbani. "Mwanamume mzima, besi yako iko wapi? Unanifuata kama mbuzi!"

Hironimus alicheka tu. "Nisamehe, mama Fulgence. Nikiwa karibu yako napotea."

Hadithi hiyo ya besi aliyepotea Walburga aliisimulia kwenye kipaimara, kwenye harusi, hata matangani kwa Hironimus mwenyewe, na waombolezaji walicheka mpaka wakafuta machozi.

Adhuhuri Mwalimu Valence akawaita ndani wasikilize wimbo wa kwanza. Wakajibana nyuma ya kiti cha Alfani. Muziki ulitoka safi, kila sauti mahali pake. Walburga akainamisha kichwa ajitafute. Akatafuta mwanzo, akatafuta katikati, wimbo ukaisha.

"Mimi simo," alisema.

"Umo, mama," alisema Alfani.

"Nisikilizishe sauti ya pili peke yake. Mmoja mmoja najua unaweza, nimeona majina yetu hapo kwenye kioo cha kompyuta."

"Mama Walburga," aliingilia Mwalimu Valence, "tutasikiliza siku nyingine. Umeme wenyewe huu..."

"Umeme upo!"

Alfani akamtazama Mwalimu. Mwalimu akatazama dari. Basi Alfani akazima sauti nyingine, akapandisha mistari yote ya sauti ya pili ilingane, akacheza. Haikuchukua muda. Katikati yao kulikuwa na sauti moja kubwa, shupavu, na kila ilipofika mwisho wa mstari ilishuka. Ilishuka kidogo tu, lakini ilitosha kuharibu za wenzake.

Walburga akapiga kofi pajani. "Huyo! Si nilisema? Mnamrudisha ndani anarudiarudia, kumbe hawezi!" Akamgeukia Jane. "Kikulacho ki nguoni mwako. Binti, wewe ndiye unayetuvuta chini sote!"

Jane alitazama viatu vyake.

"Wazime wengine wote," Walburga akamwambia Alfani. "Mwache huyo mmoja, kila mtu amsikie."

"Wallahi, mama, tuache tu."

"Bonyeza!"

Alfani akabonyeza. Sauti ikabaki peke yake chumbani, ikapanda, ikashuka, ikashuka tena, na kwenye kioo mstari wake uliokuwa ukitembea uliandikwa Walburga. Nyani haoni kundule, wahenga walisema, lakini hawakusema nyani hufanya nini siku akiletewa kioo.

Maisha yake yote hakuwahi kusikia sauti yake ikichezwa bila ya wenzake. Alikuwa ameimba ndani ya watu, akarekodiwa ndani ya watu, akajisikia redioni ndani ya watu. Sasa aliona aibu kama mtu aliyefunuliwa nguo. Walikuwa wanamfuta kweli, shaka yake ilikuwa na msingi, na ukweli huo haukumsaidia kitu.

"Umeichezea," alisema.

"Sijaigusa. Nilijaribu kuinyoosha kwa mashine, ikatoka sauti ya mtu mwingine kabisa. Ndiyo maana tukaishusha, tukamwomba Jane aongeze yake."

"Ni uzee tu, dada," Rupert alisema kwa upole. "Sote tunashuka."

Walburga akalidaka neno hilo kama anayezama. "Eeh, uzee! Basi weka ile kaseti yangu ya misheni niliyokupa uinakili. Nisikieni nilipokuwa mzima!"

Alfani alisita, kisha akamvisha yeye peke yake hedifoni. "Mama, hii ina pande mbili. Sikio la kushoto ni maiki ya mbele, la kulia ni ile ya mlangoni. Kwenye redio ya spika moja zilikuwa zinachanganyika. Nikufungulie upande upi?"

"Mlangoni. Kwani mimi nilikuwa wapi?"

Kwanza alisikia mtu akikohoa, na jogoo aliyesahaulika kufukuzwa. Kisha akajisikia mwenyewe. Alikuwa kijana, ana nguvu kama kengele ya Jumapili, na mwisho wa mstari alishuka. Uzee haukuwemo.

Na kando ya sauti ile, karibu kabisa, palikuwa na sauti ya mwanamume, ndogo, ya kunong'oneza. Ilikuwa inaimba sauti ya pili, noti zake Walburga, moja baada ya nyingine, mahali panapotakiwa. Walburga aliposhuka haikushuka naye. Ilimngoja palepale juu mpaka akapanda akaikuta, kisha wakaendelea pamoja mpaka mstari mwingine, akashuka tena, ikamngoja tena. Nani alikuwa anamfuata nani, hata mtoto angejua.

Akavua hedifoni taratibu.

"Rupert. Mlijua?"

Rupert hakuwa na chungwa la kujifichia. "Pankrasi alitaka usirekodi kabisa siku ile. Hironimus akamwambia, mpeleke nyuma, mimi nitasimama naye. Akatuapisha tusikwambie."

"Nilimwita mbuzi," alisema Walburga. "Matangani kwake nilimwita mbuzi, na wewe ulikuwepo, ukacheka."

"Nilicheka, dada. Ningefanyaje?"

Mwalimu Valence alianza kusema kwamba kwaya ni ya wote na kila mtu ana karama yake, maneno ya Mwalimu Valence ya siku zote, lakini Walburga alikwishageuka. Alijifuta macho kwa ncha ya kitenge, akauendea mlango wa kile chumba cha trei za mayai, akasimama.

"Jane."

"Abee, mama."

"Nimekusingizia mbele za watu. Njoo huku. Na wewe Alfani, ile ya asubuhi ifute. Tunaingia wawili."

"Mama, siku hizi haturekodi hivyo. Sauti zikichanganyika kwenye maiki moja sitaweza kuzitenganisha tena."

"Ndivyo ninavyotaka."

Akamvuta Jane ndani, akamsimamisha upande wa kulia, bega kwa bega, akainama kidogo ili sikio lake lifike mdomoni kwa yule binti.

"Uimbe hapa," alimwambia. "Nikishuka usinifuate. Ningoje."